Gitaa Kavu kwa Mkono wa Rithimu

...na akaipokea, hilo ndilo linaloniuma, akaipokea kama mtu anayepokea chenji yake halali, "Marahaba, hujambo?", hujambo mimi, mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye jino la dhahabu nililowekewa Tashkenti, nimesimama mlangoni pa duka la vikorokoro vya Dubai hapa Makoroboi, Mwanza, kofia nimeishika kwa mikono miwili, nimemwamkia shikamoo mtu ambaye mke wangu Justa, aliyekuwa hatua mbili nyuma yangu, anamjua tangu anavaa kaptula, maana Abeid huyu alisoma darasa moja na Chenge, mdogo wake Justa, kitindamimba wao, aliyezaliwa mimi niko darasa la sita, na Justa badala ya kunifinya mapema amengoja mpaka shikamoo imetoka yote, imefika, imekaribishwa kiti, ndipo amejiziba mdomo kwa khanga na mabega yakaanza kumcheza... ni zile ndevu, nani alimruhusu mtu wa miaka thelathini na tisa kufuga ndevu nyeupe kama pamba ya daraja la kwanza, halafu avae miwani, halafu akae nyuma ya meza, na katika nchi hii mtu akikaa nyuma ya meza mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye kofia, nimezoea, nimewaamkia makarani, nimewaamkia wagawa sukari, kule Tashkenti kwenye kozi ya mashine za pamba nilimwamkia shikamoo mlinzi wa bweni, kwa Kiswahili, kwa sababu tu alikuwa na kibanda chenye kidirisha, lakini yule mzee angalau hakuitikia, huyu kaitikia, na shikamoo haina risiti, huwezi kurudi nayo kesho ukasema samahani hii ilikuwa kubwa kwako naomba nirudishiwe... "Karibu ndani, kijana, usiogope," ndivyo alivyosema, kijana, na hapo Justa akaona nimeaibika vya kutosha, akajitokeza, "Abeid, huyo ni shemeji yako," naye akavua miwani, akanitazama, akacheka mpaka magego, "Kumbe shemeji, basi mimi ndiye nina deni la shikamoo," na hakuilipa, namwangalia, mpaka sasa hajailipa, wamehamia kwenye habari za Chenge na kiwanda cha minofu ya samaki, na mimi nimewekwa juu ya kreti ya soda na gitaa jekundu pajani, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea ili wakubwa waongee.

Jekundu hili sasa, lina picha ya mnazi na bahari hapa tumboni, sijui aliyelitengeneza alimfikiria nani, mtu anayepiga gitaa huku akitazama likizo yake, na nyuzi zimekaa juu ya shingo kiasi kwamba panya angepita chini yake bila kulaza masikio, nimekandamiza F, F ya kawaida, kidole cha shahada kimechorwa mistari sita kama daftari la darasa la kwanza, "Vipi hilo, shemeji?", linalia kama sufuria, nimemjibu, tena nimejibu kwa sauti ya kitaalamu, ile ya kupitishia puani, sauti ya Masele, mpiga solo wa bendi yetu, alipokuwa akikataa spika za watu kule Magu, na Abeid akapandisha bega moja, "Wenzako wanayachukua hayo," wenzangu gani, labda wale vijana wa kinanda, wanaobonyeza kitufe kimoja ngoma ikajipiga, tarumbeta ikajipiga, wao wamekaa wanakula karanga na wanaitwa wanamuziki, kama ni hivyo basi na mimi niliyewasha mashine ya kuchambua pamba miaka ishirini na mitano niitwe mkulima... lakini Luhende, acha, usijitie ujuzi, wewe hujawahi kuchagua gitaa hata siku moja, kila gitaa ulilopiga lilikuwa la kiwanda, limeandikwa namba kwa rangi nyeupe mgongoni kama kiti cha ofisi, bendi ya kiwanda, sare ya kiwanda, lori la kiwanda, Jumamosi mchana unakwenda stoo, unapewa, na ulilopewa ndilo ulilolipenda, hakuna aliyekuuliza shingo unaitaka nene au nyembamba, uliulizwa umeshasaini, na siku kiwanda kilipopata mwekezaji magitaa yakahesabiwa pamoja na meza na mapipa ya dizeli, yakaenda, na sisi tukapewa barua... na sasa ni ruksa, kila kitu kipo, magitaa yananing'inia kwa kamba kama mbavu buchani, chagua linalokufaa, chagua la ladha yako, na mtu mzima nimekaa kwenye kreti sijui ladha yangu ni ipi, mwaka wa pili huu bila kazi nadharau vitu ambavyo hata sijui ningependa viweje.

"Nipe lile jeusi," na jeusi limeshushwa, jeusi lina tumbo la diwani, nikilikumbatia mkono wa kulia unafika kwenye nyuzi umeshachoka, nimepiga kodi moja, ya gitaa si ya serikali, na sauti imetoka nene, nzuri, lakini haiondoki, inakaa kama mgeni wa Jumapili, napiga kodi ya pili ile ya kwanza bado iko sebuleni inauliza kuna chai, napiga ya tatu wamekuwa ukoo mzima, hili ni gitaa la mtu anayependa kusikilizwa, la Masele hili, Masele angepiga uzi mmoja tu akafumba macho akauacha uelee, na akina mama wangefumba macho pamoja naye, mimi nikiwa kando yake, kushoto, nusu hatua nyuma, kwa miaka ishirini na mitano, nakwaruza, kwachu kwachu kwachu, rithimu, watu walimjua Masele kwa jina, mimi walinijua kwa shati... "...nimemwambia meneja mwenyewe wa hoteli," hiyo ni sauti ya Justa sasa, anamwambia Abeid, tena haongei taratibu, "nilikuwa napima sare za wahudumu wake, akasema anatafuta mtu mmoja wa gitaa kavu, lisilo la umeme, awe anapiga wageni wakila, nikamwambia mume wangu huyo, Mwanza nzima hii hakuna anayemfikia," na Abeid anasema "Eeh," eeh ya mtu anayeangalia kreti yangu na kupima, na mimi nimeinama juu ya funguo za gitaa najifanya nakaza uzi ambao haujalegea, Mwanza nzima, Justa, nani amekuambia, umenisikia wapi, miaka ishirini na mitatu ya ndoa hujawahi kunisikia, uliisikia bendi, ulisimama pale chini umeshika pochi unasikia solo ya Masele na macho unanitazama mimi, ukaunganisha mwenyewe, na mimi sikukurekebisha, ningekurekebishaje, ulikuwa umevaa gauni la kijani... gitaa nyumbani halikuwahi kuingia, lilikuwa linalala stoo, kwa hiyo uwongo huu umekaa salama miaka yote hiyo, umelindwa na mtunza stoo, na Ijumaa hii, hoteli mpya ya Capri Point, saa moja jioni, kiti kimoja, mtu mmoja, unakwenda kufunguliwa kama kopo.

"Jeusi vipi?", linaongea sana, nimesema, na Abeid amecheka, "Shemeji, ungekuwa unachagua mke ungekufa kapera," na Justa, "Mwache, anajua anachotafuta," anajua anachotafuta, jamani, huyu mwanamke amebeba nyumba miaka miwili kwa cherehani, nikilala nasikia lile pedali, nikiamka nasikia lile pedali, hajaniuliza hata mara moja unafanya nini mchana kutwa pale kwenye ngazi, ameniuliza tu kama nimekula, halafu ametoka na tepu yake shingoni akaenda kunitafutia kazi katikati ya viuno vya wahudumu, na kazi yenyewe nikaidharau palepale, nikamwambia mimi sipigii watu wanaotafuna, na meneja nilipokwenda kumwona nikamdharau pia, kijana wa tai, anataka kitu laini, "laini mzee, wageni wetu ni wa biashara ya samaki, wamechoka," laini, kama ni laini wape ugali, lakini nilisema sawa, nikasema Ijumaa nitakuja na gitaa langu, langu, na wiki nzima nimezunguka, nimekataa gitaa la kanisani kwa sababu lina harufu ya nta, nimekataa la mwalimu wa Kiseke kwa sababu mwalimu mwenyewe anaimba, leo Jumatano, na Justa ameacha cherehani kuja na mimi kwa sababu, amesema, peke yangu narudi mikono mitupu... ndege ya Warusi inapita juu, ile ya kubeba minofu, nzito, mabati yote ya Makoroboi yanatetemeka, midomo ya Justa na Abeid inaendelea kucheza bila sauti, na jeusi pajani linatetemeka lenyewe, nyuzi zote sita zinanguruma bila kuguswa, hata ndege inalipiga gitaa hili vizuri kuliko mimi.

La tatu ni zuri, hapo ndipo mambo yanapokuwa mabaya, rangi ya asali, nyuzi laini za plastiki zisizokata vidole, halikulia sufuria wala halikuongea sana, lilijibu nilichouliza basi, nikageuza shingo, shingo ni nzima, nikachungulia tunduni kama daktari, sikuona kosa, jasho likaanza kunitoka, maana gitaa likikosa kosa linakugeukia wewe, linasema haya, tumebaki wawili, piga, na nikapiga, nikaanza ule wimbo wetu wa msimu wa pamba, G, C, G, D, na mkono ukafika mahali pale, mahali ambapo solo inaingia, na solo haikuingia, kwa sababu solo iko Mombasa inawapigia Wajerumani kando ya bwawa, na mkono wangu ukaendelea kuzunguka palepale, G, C, G, D, kama mtu anayetembea mbele ya nyumba ya mkwe akiogopa kubisha hodi... na Kamanga ikanijia, sikuiita, imekuja, tunasubiri kivuko, lori limejaa vyombo, Masele amekwenda kula sato, na watu waliokuwa kwenye foleni, wachuuzi wa mihogo, wenye baiskeli, wakaona gitaa kavu la mazoezi, wakasema tupigie, bwana mwanamuziki, tupoteze muda, na nikapiga, nikakwaruza kwa moyo wote, dakika tano, dakika saba, na mama mmoja mwenye tenga la furu, vile visamaki vya ziwani, mama mnene, mpole, aliyekuwa amenitegea sikio kweli kweli, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani baba, na wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?", na foleni nzima ikalala chini kwa kucheka, na mimi nikacheka nao, nikacheka kuliko wote, mimi ni mtu wa mzaha, hiyo hadithi nimeisimulia baa zote kutoka Bujumbura mpaka Kisumu, nimeisimulia Tashkenti kwa mikono kwa watu wasiojua furu ni nini, na kila mahali nimesema ilimpata mtu mwingine, mpiga rithimu mmoja, rafiki yangu.

"Hilo umelipenda," anasema Abeid, si swali, na mimi nimesema shingo yake pana kama ubao wa kufulia, vidole vyangu ni vya kiwandani, vifupi, na nimeliweka chini haraka kama kitu cha moto, na Justa ameacha kuongea, sasa hivi tu, katikati ya sentensi ya Chenge, ameacha, hanitazami, anatazama lile la asali pale chini... usilitazame hivyo, Justa, na Abeid naye amekunja uso, ametazama juu kama anatafuta mbu, ameingiza mkono nyuma ya mafeni ya Dubai, "Basi limebaki hili, sikutaka hata kukuonyesha, alilileta Ndalahwa, yule fundi vitanda wa Kiseke, nimuuzie," na kilichotoka ni aibu ya gitaa, mbao za mninga, nzito, mgongo wake hakika ulikuwa uwe mlango wa kabati, freti, vile vyuma vya shingoni, amezikata kwenye spoku za baiskeli, nyuzi tatu za dukani na tatu za waya wa breki, vanishi imemwagika na kukauka kama kamasi, Ndalahwa, bwana, mtu anakaa Kiseke anatengeneza vitanda visivyopiga kelele, ghafla anaamua, nami nitalitengeneza gitaa, hivi ndivyo nchi inavyoharibika kwa ruksa, kila mtu kila kitu, nimelipokea kwa vidole viwili, nimeshaandaa neno la kulidharau, neno zuri, nilitaka kusema hili si gitaa ni kitanda cha mtu mwembamba... na nikalikwaruza kabla neno halijatoka.

Kwachu. Sauti imetoka na imekufa papo hapo, kavu, fupi, kama mtu aliyepiga kofi kwenye robota la pamba, haikai, haielei, haimsubiri mtu, nimepiga tena, kwachu, imekufa tena, na mkono, mimi sijauambia kitu, mkono umeshaondoka, umekwenda zake, juu chini na ule mruko wa katikati ambao Masele mwenyewe alikuwa hauwezi, sasa nakumbuka, hakuuweza, alijaribu mara moja stoo akatupa kipiko cha kukwaruzia nyuzi, akasema huu ni ugonjwa si muziki, na kila kodi inaiachia njia inayofuata, hakuna anayemkanyaga mwenzake, na kuna nafasi, katikati ya kwachu na kwachu kuna nafasi ya kupita baiskeli, ubaya wa shingo hii ndio unene ule ule wa magitaa ya stoo, kidole gumba kimejilaza nyuma kama kimefika nyumbani, na Abeid ameshaanza tena habari za mjini, bei ya nguo za mitumba, sijui nani amefungua nini Kirumba, hanisikilizi, Justa anaitikia "Eeh, eeh," hanisikilizi, lakini ile kalamu ya Abeid, itazame, inagonga meza, inagonga pale pale ninapogonga, na "eeh" ya Justa inaingia kwenye mruko, kila eeh, na mama anayepita nje na beseni la nyanya amebadilisha hatua bila kugeuza shingo, na hakuna aliyesema lo anapiga, hakuna aliyefumba macho, wanaongea vizuri zaidi tu, wanaongea kama watu walioshiba... nikapunguza, makusudi, nikapunguza mwendo kidogo, kidogo tu, na Abeid akaongea polepole, Mungu wangu, mtu huyu aliyenilia shikamoo nzima nimemshika mdomo kwa mkono wangu wa kulia na hajui, nikaongeza, na kalamu ikaongeza.

Miaka ishirini na mitano nilidhani nimesimama nyuma yao wote, na jamaa wa hotelini, wale wa samaki, waliochoka, uma zao zitakuwa zinashuka na kupanda mahali ninapotaka mimi, na watadhani ni chakula kizuri, watamsifu mpishi, na kijana wa tai hakuwa mjinga kiasi nilichotaka awe, alisema laini na mimi nikasikia tusi... kumbe ladha yangu ndiyo hii, gitaa linalokufa haraka, tumekwenda Tashkenti na kurudi, tumekaa na Wauzbeki tukang'oa uzi mmoja kwenye gitaa lao la nyuzi saba ili litufae, tumedharau mji mzima, na ladha yangu imekaa Kiseke kwa fundi vitanda, imepakwa vanishi ya kamasi, ningecheka lakini mkono unaendelea, na sasa hakuna kilichobaki, hakuna mnazi, hakuna diwani, hakuna ubao wa kufulia, kuna Ijumaa, kuna kiti kimoja, na pembeni ya kiti lazima Justa atakuja, atavaa, atasimama pale mlangoni na wahudumu aliowashonea, na atasikia kwa mara ya kwanza ni mwanamume gani aliolewa naye, kwachu kwachu kwachu, bila Masele, na kama akigeuka kwa yule msichana wa karibu akauliza, kwa heshima... mkono umesimama, wenyewe, na kalamu ya Abeid imesimama, na wote wawili wamenyamaza kama redio iliyokatikiwa umeme, wananitazama, na mimi nimeinamia gitaa, natafuta, natafuta kwa macho yote, na asante Mungu nimeuona, hapa chini ya daraja la nyuzi, mwembamba kama unywele, unakwenda na mbao mpaka pembeni.

"Lina ufa," nimesema, na nimeifikisha sauti puani, na nimelinyanyua Abeid alione, "shemeji, hili nalo lina ufa, hebu niangalizie jingine," na Abeid amefungua mdomo, lakini Justa ameshasimama, anajifunga khanga kiunoni, na tepu bado iko shingoni tangu asubuhi.

"Hata wewe una ufa, Baba Hellen, na nimekaa na wewe miaka ishirini na mitatu. Libebe twende."